Nilivyoiua Betri ya Laptopu Bila Kuigusa

Leo sina video, leo mtanisoma tu. Stori yenyewe yanihusu mimi, aibu na kila kitu, lakini mwisho wake utakuokolea pesa.

Wengi mwajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikarudi nyumbani Likoni na begi moja. Ndani ya begi kulikuwa na laptopu ambayo Mama alininunulia kwa zamu yake ya chama. Mama anauza mahamri na viazi karai, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe hayo ni mahamri mangapi. Usiku wa mwisho hosteli niliitazamia muvi mpaka ikajizima yenyewe. Nilipofika nyumbani niliitupa juu ya kabati, chini ya mabati, nikaiacha hapo miezi minane. Kila nikiinua macho nikaiona, naona pesa za Mama.

"Kompyuta yako iko sawa?" alikuwa akiniuliza.

"Iko sawa, Mama."

Siku nilipoamua kuhariri video na mashine ya maana, nikaishusha, nikaipangusa vumbi, nikachomeka chaja. Kimya. Hata kile kitaa cha pembeni hakikuwaka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na feri. Akaifungua, akapima seli moja moja na mita yake, akanionyesha: volti 1 na kitu.

"Hii imekufa njaa, kijana."

Nikamwomba aishtue, vile mafundi wengine huzipiga moto wa moja kwa moja mpaka zinaamka. Akakataa katakata. Nikaondoka nimenuna. Halafu nikaenda kusoma, na leo nampa haki yake.

Sikiza. Ndani ya seli ya lithiamu-ayoni kuna pande mbili. Upande mmoja ni grafaiti, mkaa laini kama ule wa penseli. Upande wa pili ni madini yaliyochanganywa na lithiamu, mara nyingi yakiwemo kobalti. Katikati kuna karatasi nyembamba ya plastiki yenye vitundu, na maji maji yanayoshika moto upesi. Ukichaji, lithiamu yavuka kwenda upande wa grafaiti. Ukitumia, yarudi ilikotoka.

Fikiria hapa kwetu. Lithiamu ndio abiria wa feri, yakata kivuko moja kwa moja. Elektroni hazipandi feri, hizo zazunguka na barabara ya Dongo Kundu. Huko zinakozunguka ndiko zinakowasha kioo chako na kukuletea video zangu.

Wazo la kutumia kobalti lilitoka kwa John Goodenough na wenzake, Oxford, mwaka 1980. Jamaa alikuwa na miaka 57. Sony wakaanza kuuza betri hizi 1991, na 2019 Goodenough akapewa Nobel ya Kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Hapo alikuwa na miaka 97. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yachimbwa Kongo, sehemu kama Kolwezi, ambako watu wazungumza Kiswahili kama sisi. Kwa hivyo hiki kitu ulichoshika si cha kuchezea.

Sasa laptopu yangu. Seli ikijaa huwa na karibu volti 4.2. Ikishuka kuelekea 3, kifaa hujizima. Kujizima si kuisha kabisa, kuna akiba imebaki. Shida ni kwamba betri hujivuja pole pole hata ukiwa hujaigusa, na ile sakiti ya kuilinda nayo yanyonya kidogo kidogo. Mimi niliiweka ikiwa tayari imejizima. Akiba ikaisha. Volti zikishuka sana, karatasi ya shaba iliyobeba grafaiti huanza kuyeyuka. Ukiilazimisha chaji hapo, ile shaba yaweza kujijenga upya mahali pabaya na kuunganisha zile pande mbili. Hiyo ni shoti ndani ya betri, na moto wake hauna mchezo. Fundi alikuwa ananiokoa, mimi namnunia.

Kuijaza pomoni na kuiacha pia ni kosa. Betri ikikaa 100, yale maji maji hushambuliana na grafaiti, na lithiamu huliwa pole pole. Joto laongeza kasi. Wewe ambaye wachaji chini ya mto usiku kucha, ama waacha simu kwenye dashibodi ya matatu jua la Februari, usishangae ikivimba. Ile hewa iliyoivimbisha ni kemikali zimevunjika ndani. Ikivimba, izime, usiitoboe, usiitupe jaani. Mpelekee fundi anayejua.

Na ile sheria ya wakubwa wetu, "iache iishe kabisa ndo uchaji"? Hiyo ilikuwa ya betri za zamani za nikeli na kadimi. Hizi hazitaki.

Kama kifaa kitakaa bila kutumika, fanya hivi. Kiache na chaji karibu nusu, 40 hadi 60. Kizime kabisa. Kiweke pahali pakavu na pa baridi, droo ya chini kwa mfano. Si juu ya kabati chini ya mabati, na si ndani ya friji, kule kuna unyevu. Kila miezi mitatu kiangalie, ukiongeze kikiwa kimeshuka. Hata wa mizigo wajua: tangu 2016, betri hizi zikisafirishwa peke yake kwa ndege, ziwe za kushuka hapa Moi International ama kwingine, hazifai kuzidi asilimia 30.

Mwisho nilinunua betri nyingine kwa elfu nne na mia tano, pesa zangu za kwanza za kontenti. Zilikuwa zishapangiwa maiki.

Jioni hiyo nikamwambia Mama ukweli wote, kabati na miezi minane. Alikuwa anakanda unga. Hakuinua kichwa.

"Si ungeniambia tu, mwanangu. Kwani mimi nilikuwa nadai kompyuta?"

Nikakosa la kusema. Halafu akaniuliza kuhusu pawabenki yake. Tangu ule usiku wa Agosti 25, 2023, stima zilipopotea karibu nchi nzima, yeye huijaza mpaka 100 na kuiweka rafu ya juu ya jiko la mahamri. Nikamwambia stima zikiwa za kubahatisha, kukaa na chaji ya kutosha si kosa, 80 yatosha, lakini iondoke pale jikoni. Sasa iko droo ya chini, pamoja na kitabu cha chama.

Nawe nyumbani kwenu iko simu ya zamani ama laptopu ambayo hutaki hata kuiangalia. Enda kaishushe leo. Ichaji nusu.