Silabi ya Tatu

Mwezi wa Juni, wakati ambapo huku visiwani upepo wa kusi huwa umeshika na wavuvi wakichagua siku za kutoka, kule Njombe ardhi huweza kuamka nyeupe. Si theluji. Ni umande ulioganda juu ya majani ya viazi na ya chai, nao huyeyuka jua linapopanda, ukiyaacha majani yameungua kana kwamba yamepitiwa na moto. Mtu wa pwani afikapo huko mara ya kwanza, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huomba blanketi kabla ya kuomba chakula.

Katika baridi hiyo, alfajiri, mama mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga ya jiko la shule akipuliza kuni mbichi. Watoto wa kambi ya muziki walikuwa bado wamelala. Uji wa watu zaidi ya hamsini ulitakiwa uwe tayari kabla ya mazoezi ya sauti, na kuni zilizochangwa na wazazi zilikuwa za miwati iliyokatwa juzi, zenye moshi mwingi kuliko moto. Mama huyo hakuwa mpishi wa shule. Alikuwa mzazi, ametoka Makambako, na uji huo ndio uliokuwa mchango wake.

Makambako iko kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya Njombe. Ni mji uliozaliwa na safari. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana na ile iendayo Songea. Na hapo pia hupita reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, ambayo mwendo wake wote hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ni kilomita 1,860. Kila mtu hapo ama anaondoka, ama anamuuzia kitu anayeondoka. Mama huyu alikuwa miongoni mwa hao wa pili: aliuza viazi kwa ndoo kando ya njia, na basi lilipopunguza mwendo alijua kwa mlio wa breki tu kama litasimama au la. Mumewe ni fundi wa pikipiki. Wana watoto watatu, na mkubwa wao, binti, yuko kidato cha pili huko Njombe.

Barua ya shule iliwafikia mwezi wa Mei. Wanafunzi wenye sauti wangebaki wiki moja ya likizo kufundishwa muziki, na kila mzazi achangie: fedha, au mahindi na maharage, au kuni. Chini kabisa, kwa kalamu, mtu alikuwa ameongeza kwamba asiye na vyote hivyo anaweza kuchangia mikono yake. Baba aliisoma mara mbili, akasema nyimbo hazijazi gunia. Hakusema kwa ubaya. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini daftari halikufutwa, wala sweta, wala nauli; na kidato cha pili kina mtihani wake wa upimaji wa kitaifa, ambao haumuulizi mtoto kama anajua kuimba sauti ya pili. Mama hakujibu neno. Aliosha vyombo hadi vikaisha, akavipanga, kisha akasema, "Baba, nitakwenda mimi jikoni." Biashara alimwachia wifi yake, na kitinda mimba alimwachia mume, pamoja na maelezo marefu kuhusu namna ya kukoroga uji.

Binti alipopata habari hizo kwa simu ya matroni alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa, mama. Ila usije darasani."

Ni maneno ambayo mzazi huyasikia mara moja na kuyabeba siku nyingi. Wala mtoto hapaswi kulaumiwa sana. Katika umri huo mtu hutaka aonekane amejiotea mwenyewe kama uyoga, pasi na mama anayenuka moshi.

Basi kwa siku tatu mama alikaa upande wake wa ua. Alipika ugali na maharage, mnafu, makande siku ya Jumatano. Walimu wakimpitia walimwamkia, "Kamwene," naye akaitikia. Darasa la muziki lilikuwa ng'ambo ya ua, madirisha yake mawili hayana vioo, na sauti haijui mipaka ya jiko na darasa. Alisikia yote. Mwalimu alikuwa kijana wa kujitolea, mwenye kinanda cha umeme alichokibeba mwenyewe kwa basi. Kinanda hicho kilikuwa na ngoma ndani yake. Akibonyeza kitufe kilipiga mapigo yasiyochoka, na watoto wakaimba juu yake.

Hapa yafaa isemwe jambo moja kuhusu masikio ya mama huyu. Baba yake mzazi alikuwa mwalimu wa kwaya kijijini, hana kinanda, ana ubao na chaki. Juu ya ubao huo aliandika herufi: d, r, m, f, s, l, t. Ndiyo solfa, elimu iliyobuniwa Uingereza katika karne ya 19 na mwalimu wa kike wa mji wa Norwich, Sarah Glover, ikaenezwa na mchungaji John Curwen ili watu wasio na ala wala fedha waweze kusoma muziki. Ikavuka bahari pamoja na wamisionari, na katika kwaya za Afrika ikapata makao kuliko ilikozaliwa. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyeitunga mwaka 1897 tuni ambayo leo Mtanzania huisimamia wima kama wimbo wa taifa, aliandika nyimbo zake kwa solfa. Huyu binti wa mwalimu wa kwaya aliisoma solfa kabla hajamaliza kusoma Kiswahili. Na kabla ya yote mawili alikuwa na Kibena, lugha ambayo, kama ndugu zake wengi wa Kibantu, hupandisha na kushusha sauti kwa maana. Kiswahili chenyewe kilikwisha kuiacha tabia hiyo. Kilichobakiwa nacho ni mkazo, nao hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Kijana yule alikuwa ametunga wimbo wa kufungia kambi. Ulihusu njia panda ya Makambako, na ulianza hivi: *Barabara Makambako, yatugawa njia mbili.* Msomaji wa kurasa hizi atakuwa amekwisha kuhesabu: mizani nane, kisha nane. Kijana hakukusudia, hajapata kusikia habari za ukwapi na utao. Lugha ndiyo iliyomshika mkono.

Ila tuni haikushikwa mkono. Aliianzisha kama zinavyoanza tenzi nyingi za kanisani zilizotoka Ulaya, kwa noti moja nyepesi kabla ya pigo, halafu pigo. Kwa hiyo uzito ulianguka juu ya silabi ya pili, na ya nne, na ya sita, na ya nane. Watoto wakaimba baRAbaRA MaKAmbaKO, kwa nguvu zao zote, sauti nne, na ngoma ya kinanda ikiwasukuma.

Jikoni, mama alicheka peke yake. Barabara yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ipitwayo na magari. Mkazo ukirudi silabi ya pili, si njia tena: ni sawasawa, ni vilivyo, ni kama ipasavyo. Watoto walikuwa wakiusifu mji wao kwamba ni barabara kabisa, kisha wakasema mji huo barabara huwagawa watu njia mbili.

Jambo hili lina umri mrefu. Wamisionari wa Kijerumani walipofika nyanda za juu za kusini mwaka 1891 na miaka iliyofuata, walikuja na tuni ambazo mistari yake mingi huanza kwa silabi nyepesi na kuishia kwa nzito, kwani ndivyo lugha zao zinavyoruhusu. Mshororo wa Kiswahili huishia kwa wepesi, isipokuwa kwa maneno machache mno. Mfasiri aliyehesabu silabi akaona ni nane kwa nane alidhani kazi imekwisha. Kumbe alimvalisha mtu shati la kipimo chake, mgongo ukawa kifuani. Vizazi vya waumini vimeziimba nyimbo hizo kwa mapenzi, wakaizoea mikazo iliyopinduka hata ikawa kama lahaja ya Jumapili. Mtu wa pwani asicheke mapema: waimbaji wa taarabu nao huivuta silabi ya mwisho mpaka pumzi iwaishie, na hakuna anayelalamika. Walakini wao huivuta baada ya neno kukwisha kueleweka. Huo ni urembo. Kulipindua neno kabla halijaeleweka ni jambo jingine.

Mama alikuwa na sababu zote za kunyamaza. Hakuwa na cheti. Mikono yake ilikuwa na masizi hadi viwikoni. Aliyesimama mbele ya ubao alikuwa mwalimu, na katika safu ya pili alisimama mtoto aliyemwomba asije. Isitoshe, ni nani angegundua? Wazazi wangekuja, wangepiga makofi, wangerudi makwao. Siku mbili alipakua chakula na ulimi wake ukiwa nyuma ya meno.

Ijumaa umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza katikati ya ubeti, ngoma yake nayo, na watoto, wakiwa hawana cha kuwasukuma, wakasinzia kwenye neno la kwanza. Walilirudia mara tatu, mara nne, na kila mara lilikuwa zito kama mzigo uliofungwa upande mmoja. Mwalimu akasema tatizo ni pumzi. Mama akafuta mikono kwa khanga, akavuka ua, akasimama nje ya dirisha. Ndani ya darasa hakuingia. Ahadi ni ahadi.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Usianze kabla ya pigo. Anza na pigo lenyewe."

Kijana akageuka. Watoto wote wakageuka, isipokuwa mmoja wa safu ya pili, aliyeyatazama madaftari yake kama mtu anayetafuta sindano.

Mama hakutaka kusema mengi. Aliimba tu, kwa sauti ndogo ya mtu aliyevuta moshi wiki nzima, mara ya kwanza kama walivyoimba wao, mara ya pili akipiga ubao wa dirisha kwa kiganja: BA-ra-BA-ra. Kisha akaitaja kwa herufi za baba yake, do, do, mi, mi. Hapo mwalimu akachukua chaki. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Alikuwa na wekundu wa aibu masikioni, na ni sifa yake kwamba aibu haikumzuia kuandika. "Umesoma wapi, mama?" akauliza, mgongo ukiwa kwao. "Kwa baba," akajibu, akarudi jikoni kwani maharage yalikuwa yanaungua.

Jumamosi wazazi walikuja, wachache, wamejifunga mablanketi na vitenge. Wimbo uliimbwa bila kinanda, kwani umeme ulikuwa haujarudi. Neno la kwanza liliangukia mahali pake na gari likapita juu yake. Mwalimu aliwashukuru wafadhili wa mahindi, mkuu wa shule na Mwenyezi Mungu, wa jikoni alisema "na wengine wote." Mama alisikiliza kutoka mlangoni, sufuria ya kuogeshwa mkononi. Alimtazama binti yake akiimba, na binti alikuwa akitazama mbele, kama wanavyofundishwa.

Njiani, ndani ya kosta iliyojaa, hawakuzungumza sana. Binti alilala begani mwa mama kuanzia mashamba ya miwati hadi karibu na mizani ya magari, na yaonekana harufu ya moshi haikumzuia usingizi.

Nyumbani walimkuta kitinda mimba uani. Aliusikia wimbo mara moja tu, dada yake alipokuwa akiuimba huku akifungua begi, na mara hiyohiyo akaudaka na kuanza kuzunguka nao: baRAbara, baRAbara. "Siyo hivyo," binti akamwambia. Akamshika kiganja, akakipiga juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Babu yetu aliandika hivi. Unaanza na pigo. BA-ra-BA-ra. Tena." Hakumtazama mama yake wakati akisema hayo. Na mama, kwa upande wake, alikuwa ameinama juu ya sufuria ndogo ya uji, akikwangua kwa kijiko tabaka jeusi la wiki nzima, na kumuuliza mumewe alikuwa akiukoroga kwa nini, kwa spana?