Baba Mkubwa na Deni la Mwaka wa 1960

Je, katika ukoo wenu hamna mtu ambaye jina lake likitajwa wazee hunyamaza na akina mama wakaanza kuokota vyombo? Kwetu Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, mtu huyo alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba yangu. Tulikua tukijua mambo mawili tu juu yake: kwamba alipanda ndege kwenda Marekani mwaka wa 1960, na kwamba alikula mali ya watu.

Hilo la kula mali lataka maelezo. Wewe kijana wa leo unayetuma maombi ya chuo kwa simu ukiwa umejilaza kitandani, huenda hujui safari zile zilivyopangwa. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akiwaombea vijana wetu nafasi za masomo, kwa maana nafasi za elimu ya juu chini ya mkoloni zilikuwa chache mno. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji walisaidia kuchangisha nauli. Mwaka uliofuata wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na ndege zikaongezeka. Katika safari hizo za 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Alikuwamo pia baba mkubwa.

Lakini nauli si karo, wala nauli si chakula. Babu aliuza fahali wawili na mbuzi kumi na mmoja. Majirani, mashemeji, mwenye duka, hata mkunga mzee ambaye hakuwa na kitu ila kuku, wote walitoa. Mapatano hayakuandikwa popote lakini kila mtu aliyajua: tukusomeshe wewe, nawe urudi utusomeshee watoto.

Hakurudi.

Mwaka wa 1961 ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, ikabidi Ukambani kuletewe chakula kwa ndege. Wazee wanaiita njaa hiyo Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege. Baba alikuwa na miaka kumi wakati huo. Anasema kila mlio uliposikika angani susu, ndivyo tumwitavyo nyanya, alikuwa akitoka nje na kutazama juu, na baba alijua kwamba hatazamii unga.

Kisha ikaja njaa ya 1965, Yua ya Atta, watu walipokula unga wa manjano kutoka Marekani. Magunia yalikuwa na picha ya mikono miwili iliyoshikana, na maandishi. Susu hakujua kusoma. Alimwita baba amsomee gunia neno kwa neno, kisha akauliza, "Na jina lake liko wapi?" Baba akamwambia halipo. Susu akasema, "Soma tena."

Barua zilikuja mara mbili kwa mwaka. Zote zilisema, "Bado nasoma." Miaka kumi, bado anasoma! Wazee wakaanza kuguna. Susu alifariki mwaka wa 1984, katika ile njaa ya Nikw'a Ngwete, yaani nafa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakuna. Kifungua mimba wake hakuja kumzika. Tangu siku hiyo baba hakumtaja tena.

Basi fikiria hali yangu, msomaji, nilipopata nafasi ya kusoma Chicago, mji ule ule anakoishi. Baba alinipa anwani siku ya mwisho, pale uwanja wa ndege, akanong'ona, "Kamsalimu. Lakini usile kwake."

Nilifika Januari 1999, wiki ya ile theluji kubwa iliyofukia magari yakabaki kama vichuguu. Nilibisha mlango. Aliyefungua alikuwa na uso wa baba yangu, kovu tu ndilo halikuwapo. Nikala kwake usiku ule ule. Mama mkubwa, Mmarekani mweusi, alinipakulia mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Kwa hakika ilikuwa isyo ya muthokoi, ila wao wana jina lao.

Ilichukua miezi kabla baba mkubwa hajaniambia yote. Alikuwa amepelekwa chuo kidogo cha Waamerika weusi katika jimbo la North Carolina, mahali ambapo Februari ya mwaka huo wa 1960 vijana wanne weusi walikuwa wameketi kwenye kaunta ya chakula mjini Greensboro na kukataa kuondoka. Siku moja aliingia hoteli ya mjini na wenzake wawili. Mhudumu aliposikia lafudhi yake akamwambia yeye anaweza kuketi, kwa kuwa ni mgeni kutoka Afrika. Hao wengine watoke. Alitoka nao. "Ndipo nilipojua," aliniambia, "kwamba ule ugeni wangu ulikuwa koti, na kwamba ningeweza kulivaa au kulivua. Wao hawakuwa nalo."

Mwisho wa 1961 akapokea barua: mifugo imekwisha, watu wanaangushiwa chakula na ndege. Karo ya muhula uliofuata ilikuwa haijalipwa. Je, wewe ungeandika kuomba nini? Yeye aliandika kwamba masomo yanaendelea vizuri. Wiki hiyo hiyo akapanda basi kwenda Chicago.

Akaosha sahani. Akafanya kazi katika machinjio makubwa ya Chicago hadi yalipofungwa mwaka wa 1971; yeye aliyechunga ng'ombe na kumjua kila mmoja kwa jina, sasa wanapita mbele yake wakining'inia, hana hata muda wa kuwahesabu. Baadaye akapata kazi ya usiku posta. Mwaka wa 1966 alimfuata Martin Luther King katika maandamano ya Chicago, yale ambayo King alipigwa jiwe kichwani. Mboya alipouawa Nairobi, Julai 1969, alikaa siku mbili bila kusema. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia ukweli nyumbani. Akanijibu, "Kila mwaka nilisema mwaka ujao."

Mama mkubwa alikuwa akipiga piano kanisani, na nyumbani kulikuwa na piano kuukuu yenye vibao vya pembe. Baba mkubwa aliigusa akanieleza jambo ambalo sikufundishwa shuleni. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu pwani, nyingi zikavuka Zanzibar hadi Marekani, zikachongwa vibao vya piano huko Connecticut. Meli za Salem nazo zikaleta nguo, ndiyo ile merekani waliyovaa mababu zetu, iliyofumwa kwa pamba ya kusini. Wazee wa mama mkubwa ndio walioichuma pamba hiyo, Mississippi, wakiwa watumwa. "Deni la Zombe ninalijua," akasema. "La huyu sijui nani atalilipa."

Kisha akanitolea daftari la shule, jalada limeliwa na pembe zake. Ndani, kwa mwandiko wa kijana, kulikuwa na majina 43, na kila jina alichotoa. Alihama nyumba sita na daftari hilo.

Alikuja Zombe Desemba 2000, na mama mkubwa. Baba alimpokea kwa mkono tu, kama apokeavyo mtu wa serikali. Kwa siku nane ndugu hao wawili walitembea boma kwa boma, baba mbele, daftari nyuma. Wengi wa wale 43 walikuwa kaburini. Wengine walicheka wakakataa fedha. Mmoja alizihesabu mara mbili na kusema hazitoshi, na mimi sikumlaumu. Mjukuu wa mkunga alikataa noti kata kata: nyanya yake alitoa kuku, naye ataka kuku. Tukarudi sokoni kununua kuku.

Jioni ya siku ya nane baba mkubwa alifungua ukurasa wa mwisho. Jina la baba lilikuwa hapo, akiwa na miaka tisa: senti hamsini, za kuchunga mbuzi wa jirani. Baba alikuwa amesahau kabisa. Kaka yake akatoa sumuni mfukoni akamwekea kiganjani.

Baba akaitazama pande zote mbili. Akauliza, "Na riba?"