Kufuli la tovuti ya shule

Nilipokabidhiwa tovuti ya sekondari yetu, niliikuta na jina la kuingilia la admin, kama zilivyokuwa tovuti nyingi za WordPress za wakati ule. Toleo la 3.0 la mwaka 2010 lilimruhusu mwenye tovuti mpya kujichagulia jina, lakini za zamani zilibaki vilevile. Aliyetaka kuvamia alibakiwa na kazi moja tu, kubahatisha nywila.

Aprili 2013 tovuti za WordPress zilishambuliwa dunia nzima. Kampuni ya HostGator ilitaja anwani za IP zaidi ya 90,000, nyingi zikijaribu jina hilohilo kwa nywila moja baada ya nyingine. Nilipopata habari hizo, nilibadilisha jina siku hiyohiyo. Shule yetu haikuwa na fedha ya kuibiwa mtandaoni. Washambuliaji walitaka seva tu, waitumie kushambulia wengine.

Nikaweka plagini ya kuhesabu makosa: ukikosea mara tatu, anwani yako inafungiwa. Kwa muda ilitufaa. Kisha, kila msimu wa kupandisha matokeo, simu zikaanza: “Mwalimu, mbona nimefungiwa na ndiyo kwanza naingia?” Wote walikuwa wakitumia bando la simu. Anwani za IPv4 ni haba, kwa hiyo kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya kutokea nje. Mmoja akisahau nywila, wenzake wa mtandao uleule nao wanafungiwa. Boti, kwa upande wao, zilikwisha kujifunza kubadilisha anwani kila baada ya majaribio machache. Kufuli likawa linamnasa mwalimu na kumwachia mwizi, na hilo liliniuma kuliko mashambulizi yenyewe. Miongozo niliyokuwa nikiisoma iliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo kila nyumba ina anwani yake.

Siku hizi wavamizi hawabahatishi sana. Wanajaribu nywila zilizovuja kwingine. Uvujaji wa kampuni ya RockYou wa mwaka 2009 peke yake ulitoa zaidi ya milioni 32, zilizohifadhiwa bila kufichwa.

Nililegeza kufuli la anwani, nikaweka hatua ya pili: namba sita zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye simu. Programu huzikokotoa kwa siri iliyohifadhiwa ndani yake na saa ya simu, hivyo bando likiisha bado zinapatikana. Wenye vitochi niliwachapishia namba za akiba kwenye karatasi, kila moja ya kutumika mara moja, na mwalimu wa taaluma ndiye anayezitunza.