Kukusanya si Kupanga

Waama, lugha ya mtaa haina mlinzi ila kumbukumbu za wakazi wake. Nimelelewa Makongeni, mtaa wa Mashariki mwa Nairobi waliojengewa wafanyakazi wa reli, na tangu nijiunge na chuo kikuu nimekuwa nikikusanya maneno ya huko. Kila rekodi ina neno, maana yake na mwaka ambao mzee anakumbuka likitumika hivyo. Mwaka 2025 wakazi walianza kuhamishwa ili kupisha mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Wasemaji wakishatawanyika, nani ataulizwa ni maana ipi iliyotangulia?

Rekodi zikiwa maelfu kwa maelfu, huweza kuchakatwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, kwa mbinu ya MapReduce ambayo Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google waliieleza mwaka 2004. Kila kompyuta husoma fungu lake, kisha rekodi zenye ufunguo mmoja, yaani neno moja, hupelekwa mahali pamoja. Hapo ndipo penye mtego: mbinu hii hukusanya, lakini haiahidi mpangilio wowote ndani ya kundi. Rekodi ya juzi yaweza kuitangulia ya miaka arubaini iliyopita.

Tuchukue neno "matatu". Kwanza lilitaja idadi tu. Kisha nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini. Hatimaye gari lenyewe, lipitalo Barabara ya Jogoo. Ukiuvuruga mfuatano huo, msomaji ataamini kuwa gari ndilo lililoizaa nauli.

Dawa yake ni ufunguo wa pande mbili: neno na mwaka. Ugawaji wa rekodi baina ya kompyuta ufuate neno pekee, ili ndugu wasitengane. Upangaji ufuate neno, kisha mwaka. Nayo mipaka ya makundi ifuate neno pekee. Hivyo kila kundi huwasili likiwa limekwisha pangika, bila kompyuta moja kulemewa na rekodi zote za neno ili izipange upya.

Wanaisimu wenzangu, funzo hili latuhusu kabla hatujaigusa kompyuta. Tunapomhoji mzee, tusitosheke na neno na maana. Tuulize pia ni lini. Mashine haiwezi kupanga kwa mwaka ambao hatukuuandika.