Kidani cha Kaharabu, Ifo

Tulitoka Mombasa kwa njia ya Garsen na Hola, tukauvuka Mto Tana pale Garissa, na kutoka hapo ikawa ni mchanga mwekundu na miiba hadi Ifo, kambi kongwe ya Dadaab iliyofunguliwa mwaka 1991. Tulikwenda kumpa mkono wa taazia dada mmoja aliyefiwa na mama yake, tukakuta ndugu wanagawana mirathi.

Baba na wazee wa marehemu walikwisha tangulia, hivyo mafungu yalikuwa sita: mawili mawili kwa wana, moja moja kwa mabinti. Binti mdogo aliambiwa fungu lake lote liwe kidani cha ayeeyo, yaani bibi yao, kwa kuwa ni kaharabu ya kale.

Tukaomba kwanza kipimwe. Uzi wake ulikuwa umelika, wakaukata. Tulikoroga vijiko saba vidogo vya chumvi katika bilauri ya maji, tukatia shanga moja moja. Kaharabu huelea, plastiki ngumu ya kiwandani huzama. Kati ya kumi na moja, saba zilizama.

Zile nne nazo hazijasalimika, kwani sandarusi pia huelea, na sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu waliisafirisha kwa majahazi, tungeona haya kudanganyika nayo. Tone la asetoni, dawa ya kufutia rangi ya kucha, huifanya sandarusi inate. Zetu zilibaki kavu. Tundu zake, tena, zilikuwa zimelika upande mmoja kwa uzi, kama kitu kilichovaliwa miaka mingi.

Katikati ilining'inia reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780, na kaka mkubwa akaushika mwaka huo kuwa ushahidi. Lakini malkia huyo alifariki mwaka huo huo, na reale zake zikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, Roma, London, hata Bombay, hadi karne ya 20. Sonara wa Bosnia, ndivyo liitwavyo soko la Ifo, aliisugua kwenye jiwe lake akasema ni fedha. Umri wake hakuusema.

Kaka hakuwa na nia mbaya. Aliamini alivyosimuliwa utotoni. Hesabu ikaanza upya, kidani kikithaminiwa kwa shanga nne na reale moja. Binti akakitaka vilevile, pamoja na pesa za kujazia fungu lake. Tulipoaga alikuwa akizitunga tena zote kumi na moja, zingali na chumvi.