Sweta la Mama, Uzi wa Kariakoo

Hivi mpenzi msomaji, umeshawahi kuona sweta kwenye jarida la nje ukalipenda papo hapo, kisha ukakuta uzi wanaoutaja huupati dukani kwako? Usikate tamaa. Nimeshafuma masweta kadhaa kwa uzi mbadala, ila la safari hii limeniweka roho juu, maana ni la mama.

Mama yuko Njombe, na baridi ya Juni na Julai kule si mchezo. Ndiye aliyetufumia sote tulipokuwa wadogo. Sasa vidole vinamuuma, sindano hazishikiki. Tena ni mtu ambaye ukimpa nguo isiyomtosha atasema, "Imenikaa vizuri, mwanangu," halafu ataikunja na kuifungia sandukuni. Kwa hiyo lazima limkae kweli.

Mume wangu akauliza, "Si ununue tu la mtumba?" Swali zuri. Lakini la mtumba halina vipimo vya mama, wala halimwambii kwamba alichonifundisha bado kipo.

Maelekezo yalitaka sufu, madonge 12 ya gramu 50, kila moja mita 125. Kariakoo nikapata akriliki, donge la gramu 100 lenye mita 200. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukihesabu gramu utanunua madonge 6, lakini hizo ni mita 1,200 tu, na sweta linataka 1,500. Hesabu mita, shosti! Nilichukua 8.

Kisha kipande cha majaribio. Jarida lilisema vitanzi 22 kwa sentimita 10. Uzi wangu, kwa sindano za unene uleule, ukatoa 20. Unaona ni tofauti ndogo? Kipande cha nyuma kina vitanzi 110: kwao ni sentimita 50, kwangu 55. Ukijumlisha na mbele, sweta linaongezeka sentimita 10! Nikachukua sindano nyembamba zaidi, nikafuma kipande kingine mpaka 22 zikatimia.

Sufu ina joto kuliko akriliki, sikatai. Ila ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, inasinyaa, na kwa mama kila nguo husuguliwa kwenye beseni kwa sabuni ya mche. Akriliki inavumilia, mradi pasi ya moto isiiguse. Pamba je? Ni nzito, na ikishavutika hairudi vizuri.

Kila mwezi napitisha ushauri wa mapenzi na ndoa kwenye kurasa hizi, nao hauna tofauti na maelekezo ya sweta: umeandikwa kwa uzi wa mtu mwingine. Uchukue, ila anza na kipande kidogo, upime kwa mtu wako mwenyewe. Awe mumeo, mama yako au rafiki yako, hakuna jarida linalomjua kuliko wewe.

Kwangu umebaki mkono mmoja tu, na Juni haijafika. Niombeeni!