Kelele za Chura Zina Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii imekuwa fimbo mikononi mwa wengi. Mwanasiasa huitoa anapokosolewa, mzazi huitoa mtoto anaponung'unika, naye mwanafunzi huitilia mwishoni mwa insha akatua kalamu. Ajabu ni kwamba hakuna aulizaye chura alikuwa akisema nini, wala alikuwa akimwambia nani. Lililo bayana ni moja: hakuwa akizungumza na ng'ombe.

Aliyelelewa kando ya bwawa anazifahamu vyema kelele hizo. Mvua za kwanza hunyesha, giza huingia, kisha kinamasi kizima kikahanikiza kwa milio. Sikio la binadamu huambulia vurumai tu. Ilhali chura jike aliyetulia katika giza lilo hilo huutambua, miongoni mwa milio hiyo yote, mwito wa dume wa aina yake, akamwendea. Hulijuaje neno lake katika zogo kama hilo?

Sehemu ya jawabu ilipatikana mbali na mabwawa yetu, katika kisiwa cha Puerto Rico. Huko yuko chura mdogo wa mitini aitwaye coquí, jina alilopewa kwa kuufuata mlio wake mwenyewe. Jua linapotua, dume hutamka silabi mbili, "co" kisha "quí". Ya kwanza ni nzito, yenye mitetemo ipatayo 1,100 kwa sekunde. Ya pili ni nyembamba, yenye mitetemo ipatayo 2,000. Mnamo mwaka wa 1976, wanasayansi Peter Narins na Robert Capranica walionyesha kwamba silabi hizo hazina msikilizaji mmoja. "Co" huwalenga madume wengine, nayo ni onyo kwamba hapa pana mwenyewe. "Quí" humlenga jike, nayo ni posa.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba mgawanyo huo haungoji ubongo. Watafiti hao walipima nyuzi mojamoja za neva ya kusikia, ile ipelekayo habari kutoka sikio la ndani hadi ubongoni. Kila uzi una kiwango chake cha sauti unachokipokea kwa wepesi kuliko vingine. Sauti ya kiwango hicho ijapo, hata ikiwa hafifu, uzi hufyatua ishara za umeme mfululizo. Ijapo sauti ya kiwango cha mbali, uzi huweza kukaa kimya kana kwamba hapakusemwa neno. Ikadhihirika kwamba sikio la dume na la jike hayakuumbwa sawa, na kwamba tofauti hiyo ni mojawapo ya sababu za kila mmoja kuitikia silabi yake. Sikio, basi, si mlango ulioachwa wazi kwa kila mpita njia. Lina bawabu, na bawabu huyo anajua anamngoja nani.

Mlio uo huo ulipovuka bahari ulikutana na masikio mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1980, coquí alifika visiwa vya Hawaii, ambako si kwao. Puerto Rico humwenzi chura huyu kama nembo ya kisiwa, na wapo wasemao kwamba hawapati usingizi mtamu pasipo sauti yake. Hawaii, kinyume chake, wakazi walilalamika kwamba amewanyima usingizi, kwani dume mmoja huweza kufikisha desibeli 90 kwa umbali wa nusu mita. Wakamnyunyizia asidi ya limau ili kumwangamiza. Silabi hazikubadilika hata moja. Waliobadilika ni wasikilizaji. Aiitaye sauti ya mwenzake kelele huenda anakiri tu kwamba haikuwa imemlenga yeye.

Hata huko kwao, hata hivyo, mapatano ya sauti na sikio yamo katika mtihani. Katika milima ya Puerto Rico, vyura wa nyanda za juu, penye baridi, ni wakubwa na milio yao ni mizito kuliko ya wale wa chini. Masikio yao nayo hufuatana na milio hiyo. Narins na mwenzake Sebastiaan Meenderink walilinganisha milio iliyorekodiwa katika mlima mmoja kwa vipindi viwili vilivyoachana kwa miaka 23. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2014, yalionyesha kwamba milio imekuwa mifupi na myembamba zaidi, jambo linaloafikiana na kupanda kwa joto. Dume wa leo anaimba kama aliyeimbia chini zaidi mlimani hapo awali.

Posa iliyobadilika lafudhi yahitaji sikio lililobadilika nayo. Iwapo sauti itatangulia na neva ya jike ibaki nyuma, dume atapaza mwito usiku kucha, na jike, aliye hatua chache tu kutoka hapo, huenda asiutambue. Ng'ombe naye atakunywa maji yake kama kawaida. Methali ilijishughulisha na kiu ya ng'ombe. Lililo zito ni kama yule aliyeitwa ataendelea kusikia.